Birika la Katibu Kata

Supu ya kongoro ya Mwahija ilimwagwa saa tatu asubuhi, siku ya mnada, mbele ya watu wote wa Mhunze na ng'ombe wao. Sufuria nzima, jamani. Ilikuwa motoni tangu alfajiri, ndimu zimeshakatwa, pilipili imeshatwangwa, na wateja wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri bakuli. Wanamgambo wawili wakaishika huku na huku, wakaiinamisha, na ardhi ya Mhunze, ambayo haijui kushiba, ikainywa yote kabla mwenyewe hajamaliza kujifunga kanga kiunoni.

Aliyetoa amri alikuwa amesimama pembeni, kashika baiskeli. Ndiye Athanas Maganga, Katibu Kata mpya, Msumbwa wa kutoka upande wa Geita, mwalimu wa shule ya msingi mpaka Chama kilipomkabidhi kata. Mtu mwembamba, mguu mmoja wa suruali kaubana kwa kibanio cha nguo usije ukaliwa na mnyororo. Alitoa karatasi akasoma. Kipindupindu kimeingia. Vijiji vya mtoni vimekwisha zika watu wanne. Kwa hiyo kuanzia leo mnada umefungwa, hoteli zimefungwa, hakuna pombe ya kuchangia kibuyu, hakuna ngoma, hakuna matanga wala hitma ya kulisha watu, na maji ya lambo yasichotwe mpaka yatiwe dawa. Aliyasoma yote kwa sauti moja, kama anaita majina ya wanafunzi. Kisha akaikunja karatasi, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Hata shikamoo hakutoa. Mwahija alikuwa mtu mzima, mjane wa hamsini na ushei, mtu ambaye wachinjaji na madereva wa malori walimwamkia kabla hawajavuta benchi. Supu ilimuuma, lakini supu ingepita. Shikamoo haikupita.

Huo ni mwaka wa sabini na nane. Hoteli ile ya udongo na mabati ndiyo kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe, Salehe, aliyekuwa dereva wa lori la pamba. Ilimlisha yeye na binti yake Tabu. Ilimlisha na Mbuke pia, mpishi wake kwa miaka tisa, mwanamke wa Kisukuma kutoka kijiji cha maili sita upande wa mtoni, ambaye alicheka kwa kila kitu na kumwita Mwahija mayu, yaani mama, ijapokuwa hawakupishana sana umri. Mume wa Mbuke aliitwa Mahona, mchungaji, mtu wa maneno machache. Siku za mnada alipita na ng'ombe wake, akasimama mlangoni, akapokea kikombe cha chai kutoka kwa mkewe, akaondoka.

Mwahija alikuwa na cheti cha elimu ya watu wazima na hasira za kutosha. Jioni ile ile akaandika barua ya kwenda mkoani, kwa mkono wake mwenyewe: Katibu Kata anatesa wananchi, anamwaga chakula cha watu, anaingilia mambo ya dini. Akaweka sahihi ya kwanza. Wachinjaji, wenye maduka na madalali wa ng'ombe wakafuata, na barua ikaondoka na basi la kesho yake.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya huyo mtesa wananchi.

Zahanati ilikuwa na vitanda viwili. Ghala la kijiji, kubwa, la saruji, lilikuwa limejaa pamba inayosubiri malori. Athanas aliandika kwa wakubwa wake kuomba ruhusa ya kulitumia, akajibiwa asubiri. Hakusubiri. Alivunja kufuli kwa nyundo, mchana kweupe, watu wanaona, pamba ikatolewa nje ikafunikwa maturubai, na wagonjwa wakaingia. Bwana afya akasema vinatakiwa vitanda vya kamba vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya kila tundu. Nani akubali kukatiwa kamba za kitanda chake? Watu waligoma. Basi kitanda cha kwanza kutobolewa kilikuwa cha Katibu Kata mwenyewe, na tangu siku hiyo alilala mkekani ofisini. Baada ya hapo vitanda vikaanza kuja vyenyewe.

Mzee Mansukhlal, Mhindi wa duka la pembeni, alipoombwa sukari na chumvi alilalamika nusu saa nzima kwamba serikali itamfilisi, na huku analalamika mkono wake unapima. Mkewe Taramati aliligeuza jiko lake kuwa la kuchemshia maji ya wagonjwa. Maji yaliyochemshwa ya kumnywesha mgonjwa, ujazo wa chupa mbili za bia. Chumvi, kijiko kimoja kidogo. Sukari, vijiko vinane. Mhunze nzima waliikariri hesabu hiyo, hata wale ambao shule waliipita kwa nje.

Lakini kilichofanya watu wamcheke Katibu Kata ni birika.

Kwa desturi ya majumba ya pale, ya Waislamu wa mjini na ya Wasukuma pia, kunawa ni beseni moja. Linaanza kwa mgeni, linakwenda kwa mzee, kwa baba mwenye nyumba, linashuka hivyo hivyo kwa umri na kwa cheo mpaka kwa watoto, na wa mwisho kabisa ni mpishi. Maji ni yale yale. Ndiyo heshima. Wengine walisema ndiyo baraka, maana mdogo hunawa mahali mkubwa aliponawa. Athanas alikuja na birika la bati. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akamwaga maji juu ya mikono yakidondoka chini, akasuguisha watu majivu, akamwaga tena. Tena alianzia chini! Mtoto kwanza, mpishi kwanza, wazee mwisho. Alieleza kwamba uchafu wa mkubwa ukishuka kwa mdogo haugeuki kuwa dawa, na kwamba anayeshika chakula cha wote ndiye wa kunawa kabla ya wote. Katibu Kata mzima, mtu wa Chama, kainama anamnawisha msichana wa jikoni. Wazee walikunja nyuso. Vijana wakampa jina, wakamwita Katibu Birika, na yeye akawa anaitika.

Alipofika kwa Mwahija, Mbuke alinyoosha mikono yake akicheka, akanawishwa, akasema wabeja, yaani ahsante, kwa adabu zote. Mwahija aligeukia ukuta. Mtu yule alipoondoka, akasema birika lile akamnawishie mamake.

Wiki ya tatu ya amri ndipo mwaka wa Salehe ulipotimia.

Mwahija alikwisha weka nadhiri tangu siku ya mazishi kwamba mwaka ukifika atamsomea mumewe hitma na kulisha watu. Mchele ulikuwa ndani. Mbuzi alikuwa uani. Na Msumbwa mwenye baiskeli ndiye atakayemwambia lini amwombee mumewe? Thubutu. Aliwaita watu ishirini na wawili, wa kuaminika, waingie mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma saa saba mchana, na kisomo kiwe cha chinichini. Shemeji yake Muhidini, kaka wa marehemu, alikuja kwa basi kutoka Shinyanga mjini. Alishuka analalamika tumbo linamchafuka, akalisingizia vumbi la njia na karanga za stendi.

Maji ya dawa yalitolewa kwa kipimo siku hizo, ndoo mbili kila nyumba, na pilau na mchuzi vilishakunywa karibu zote. Birika lilikuwepo, mojawapo ya yale Katibu aliyoyaacha nyumba kwa nyumba, limeangikwa msumarini jikoni. Mwahija aliliangalia. Maji ya birika yakimwagika hayarudi, ya beseni yanazunguka na kutosha watu wote. Hiyo ilikuwa hoja yake, na kwa kweli haikuwa hoja ya kijinga. Lakini chini ya hoja hiyo kulikuwa na nyingine, na mwenyewe aliijua vizuri: hakutaka birika la mtu yule lionekane kwenye hitma ya mumewe.

Beseni likapita. Muhidini kwanza, kwa kuwa ni mgeni tena ndiye mfiwa mkubwa. Kisha maalimu, wanaume, wanawake, watoto. Lilipomfikia Mbuke jikoni maji yalikuwa ya kijivu. Mbuke akanawa, akala ukoko uliobaki, akafungiwa nyama ya kuwapelekea watoto wake katika jani la mgomba, akatania kwamba Salehe huko aliko lazima amenusa pilau, akashika njia ya kwao jua likingali juu.

Kesho yake asubuhi Muhidini hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Mwahija alianza kusema labda ni nyama ya mbuzi haikuiva, lakini Tabu hakungoja ruhusa ya mtu. Alikimbia mpaka ghalani.

Athanas alikuja na wabeba machela. Mwahija alijisimamisha mlangoni, mikono kifuani, akisubiri polisi, akisubiri kutukanwa, na majibu yote anayo mdomoni. Mtu yule aliegesha baiskeli. Akaliona beseni limeinamishwa uani, na mikeka bado imetandikwa, na sufuria tatu kubwa.  Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Tabu."

"Marahaba," akasema, maana ulimi ulizoea kujibu.

"Sikuja kuuliza nani kakosa. Nimekuja kuuliza nani kala."

 Mtu akikujia na fimbo unajua pa kushika, lakini huyu alikuja na daftari la shule na kalamu ya risasi. Mwahija akaanza kutaja. Alitaja wanaume kwa majina ya baba zao, akataja wanawake kwa majina ya watoto wao, akataja watoto, na Athanas akaandika kila jina na nyumba ilipo. Walipofika mwisho akauliza kama hao ndio wote. Mwahija akawahesabu tena kwa vidole, ishirini na wawili kamili, kuanzia Muhidini mpaka mtoto wa maalimu. Akasema ndio wote.

Na hakudanganya, maskini. Mpishi si mgeni. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kuandaa shughuli amewalisha watu wangapi, usikie kama atamtia mpishi.

Athanas akaondoka na lile daftari. Siku mbili hizo hakuna aliyemwona amekaa. Kati ya wale ishirini na wawili, kumi na watatu walikamatwa na ugonjwa, wengine akiwakuta ndiyo kwanza wanakimbilia chooni mara ya pili, na wote wakafikishwa ghalani kabla hawajakauka. Mmoja alikuwa mchinjaji mwenye kilo zake, aliyekataa kwenda, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe huku anamtukana Katibu Kata, na Katibu Kata anasukuma kwa nyuma. Wote wakapona. Muhidini, aliyekuwa wa kwanza na mbaya kuliko wote, siku ya nne alikaa kitandani akaomba chai.

Siku hiyo hiyo ya nne, Mwahija akiwa ghalani kamshikia shemeji yake kikombe, akaja mtu kutoka upande wa mtoni na habari kwamba mke wa Mahona wamemzika juzi. Aliugua kesho yake ya kutoka mjini, asubuhi. Ng'ombe walipokuwa wanarudi zizini alikuwa amekwisha kata roho.

 Mwahija alikiweka kikombe chini. Upande wa pili wa ghala Athanas naye alikuwa amesikia. Alifungua daftari, akaenda kwenye ule ukurasa, akaandika kitu chini kabisa ya majina, akainua macho akamtazama Mwahija mara moja tu.  Akafunga daftari akaenda kuwahimiza watu wa maji.

Basi, alijua. Na Mwahija alijua kwamba anajua. Tangu siku ile chakula kilimshinda, na kila alipoingia jikoni macho yalikwenda yenyewe kwenye kile kigoda cha Mbuke. Alikwenda kuhani, akakaa na wanawake wengine, akalia kilio cha kweli, lakini lile neno moja halikutoka. Angeanzaje? Mahona mwenyewe alimpokea kwa heshima, akamshukuru kwa kutembea maili sita kwa miguu.

Ugonjwa ukaisha baada ya majuma sita. Kata nzima ilizika watu tisa. Tisa ni wengi, kila mmoja ana wake, lakini zilikuwepo kata ambazo wakubwa wao walisubiri ruhusa waliyoambiwa wasubiri, na huko watu walizika mpaka majembe yakalegea mipini. Mhunze walilijua hilo. Walilijua, wakaanza kulisema kidogo kidogo, kwa aibu, wale wale waliomwita Katibu Birika.

Ila mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha nyesha juu ya ile pamba ya nje, maturubai yakavuja, na pamba ikaota ukungu. Hapo ndipo mkoa ukaikumbuka barua ya Mwahija.

Tume ilikuja na Landrova, watu watatu, wamechomekea mashati. Mkutano ukafanyika mbele ya ghala, penye mizani ya pamba, na watu walijaa mpaka barabarani. Mwenyekiti wa tume, mzee mnene mwenye miwani, akaisoma ile barua yote, sahihi moja moja, ya Mwahija ikitangulia. Kisha akasoma mashtaka. Kuvunja kufuli la ghala. Kuharibu mali ya kijiji, jambo ambalo wengine wangeliita hujuma ya uchumi. Kufunga mnada bila idhini. Kudhalilisha wananchi.

Athanas alijibu akiwa amesimama wima. Kufuli alivunja. Mnada alifunga. Supu alimwaga, na angeweza kuimwaga kwa adabu zaidi. Kwa hilo alikuwa na haya. Kuhusu pamba alisema sentensi moja: "Pamba italimwa tena mwakani."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mchinjaji yule mwenye kilo zake akanyoosha mkono akasema aliweka sahihi kwenye barua, na sasa anaiondoa, na kama haiondoki waichane. Watu wakacheka. Mansukhlal akasimama akalalamikia sukari yake kwa kirefu, na mwisho wa malalamiko akasema akiletwa Katibu mwingine na ugonjwa mwingine, yeye atamtaka huyu huyu. Mwenyekiti akaanza kulegeza uso. Mwahija, nyuma kwenye kundi la wanawake, akaanza kupumua. Ingepita. Jumatano mnada unafunguliwa, sufuria zimeshasuguliwa, na siri itabaki kwenye daftari la mtu asiyesema.

Ndipo Mahona aliposimama na fimbo yake ya kuchungia.

Alisema Kisukuma, polepole, na karani akawa anatafsiri. Alisema amesikia Katibu akisifiwa. Alisema ni kweli Katibu alifika kwa kila mtu aliyekula chakula kile cha hitma, nyumba zote za mjini, za mabati, hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwake hakufika. Mkewe alikula chakula kile kile. Alimngoja mtu wa kumsaidia kutwa nzima, na hakuja hata mgambo mmoja. Alitaka kujua ni kwa sababu gani. Kama ni kwa kuwa wao ni watu wa zizini, aambiwe, ili wanawe wakikua wajue serikali ni ya nani.

 Hili lilikuwa zito kuliko pamba. Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia Athanas, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema. "Sikufika."

"Kwa sababu gani?"

Daftari lilikuwa kwapani mwake. Lile lile. Alichotakiwa ni kulifungua tu, asome majina ishirini na mawili na maneno ndio wote, na mzigo ungehama kutoka bega lake kwenda unakostahili. Mwahija aliona kidole gumba chake kikikwaruza jalada. Kisha mkono ukashuka.

"Kuuliza ilikuwa kazi yangu," Athanas akamwambia Mahona, wala hakutazama upande wa wanawake. "Sikuuliza vya kutosha. Kosa ni la kiongozi."

Mwenyekiti akaandika, na aliandika kwa muda mrefu.

Mwahija alimchukia mtu yule wakati ule, tusifichane. Alimchukia kwa kunyamaza kwake. Angemtaja, angekana, angelia, angepigana naye kama siku ya supu. Sasa amemwachia mlango wazi, na kupita au kutopita ni juu yake. Aliiona hoteli. Nani atakula kwa mwanamke ambaye beseni lake liliua? Aliona mabenchi matupu, akamwona Tabu akienda kuomba kazi ya kuosha vyombo kwa watu. Akamwona na Mbuke anachuchumaa jikoni, anatumbukiza mikono kwenye yale maji ya kijivu, anacheka.

Alishangaa kujikuta amekwisha simama.

"Barua hiyo ni yangu," alisema. "Na hitma ilikuwa yangu. Birika lilikuwa msumarini, nikachukua beseni, kwa kiburi tu. Mbuke alinawa wa mwisho. Huyu Katibu aliniuliza nani kala. Nikamtajia watu ishirini na wawili. Mbuke sikumtaja. Sikumficha, Mahona. Nilimsahau. Miaka tisa kapika kwangu, na siku ya kuhesabu watu sikumhesabu."

Karani alisahau kutafsiri. Hakukuwa na haja, maana Mahona alikuwa ameelewa. Alimtazama Mwahija, na watu waliokuwa karibu na fimbo wakasogea. Kisha akakaa chini pale pale vumbini, akajifunika kichwa kwa lile shuka lake, na mabega yakaanza kutikisika. Athanas aliondoka mbele ya tume bila kuaga, akaenda kukaa chini kando yake. Wakakaa hivyo mpaka Landrova ilipoondoka.

Hukumu ililetwa kwa barua baada ya majuma matatu. Kwa ajili ya pamba, onyo kali. Na uhamisho, aende kata nyingine, mbali, ambako kipindupindu ndiyo kwanza kilikuwa kinabisha hodi. Wakubwa bwana! Mkono mmoja unamchapa mtu, na mkono wa pili unamwomba akawaokoe.

Mwahija naye alipata yake. Hakuna aliyemtukana. Ila siku tatu za mnada zilipita, ng'ombe wakaja, watu wakaja, na supu ikapoa kwenye sufuria. Walimsalimia vizuri wakapitiliza. Mnada wa nne alipika supu robo tu, kwa mazoea, yeye na Tabu, na aliyapanga mabenchi juani kama kawaida.

Asubuhi hiyo ndiyo Athanas alikuwa anaondoka. Alikuja anakokota baiskeli, sanduku limefungwa nyuma, mguu wa suruali umebanwa kwa kile kibanio. Kitanda chake chenye tundu alikiacha zahanati. Watu walidhani anakwenda stendi. Akaegesha baiskeli mbele ya hoteli ya Mwahija, akakaa benchi la mbele kabisa, uso kwa barabara, mahali ambapo hata kipofu angeambiwa.

"Shikamoo, Mama Tabu. Nipe supu."

"Marahaba, baba."

Alikwenda kuleta birika.  Alipofika mbele yake na kuinama amnawishe, Athanas hakunyoosha mikono. Alisimama, akalichukua birika kutoka kwake.

"Leo nani kapika?"

"Mimi."

"Basi lete mikono."

 Madalali walikuwa wamesimama na kamba za ng'ombe mikononi. Mwahija akanyoosha mikono yake, na Katibu Kata akainama akaimwagia maji, taratibu, akangoja asugue majivu, akamwagia tena. Maji yalidondoka vumbini yakapotea. Hapo ndipo alipolia, wazi, mbele za watu, mikono kainyoosha hivyo hivyo, na Athanas aliendelea kumwaga mpaka akamaliza.

Tabu akanawa wa pili. Kisha Mansukhlal akavuka barabara, mtu ambaye nyama hajaionja tangu azaliwe, akakaa, akanawishwa, akaagiza chai, akalalamika kabla haijaja kwamba haitakuwa na sukari. Mchinjaji akafuata. Wakafuata madalali wawili, na wanawake wauza michembe, vile viazi vya kukausha, na dereva wa basi lenyewe. Mahona alipita na ng'ombe wake. Alisimama mlangoni kidogo, pale alipozoea kupewa chai, akaliangalia birika, akaendelea na njia yake. Hakuingia siku ile, na Mwahija hakumtarajia.

Mabenchi yalipojaa, birika lilikuwa limebaki maji kidogo. Mwahija akalipokea, akamnawisha Katibu Kata, wa mwisho.